Mashine Ilipozima Njiani Kwenda Kisiwani

Kwa miaka kumi na moja nesi Selestina amepeleka chanjo visiwani kwa boti dogo linalovutwa kwa tela kutoka Mkolani hadi ziwani. Asubuhi hiyo mashine ilikohoa mara mbili, ikazima katikati ya maji. Okwach, nahodha wake, akafungua kabureta, akachuruzisha petroli kiganjani.

"Mafuta yameingia maji, dada. Na tangi ni hili moja."

Selestina alikuwa amechoka hata kulalamika. Alimtazama akikausha plagi kwa shati, akivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Mashine haikuitika. Wakashika makasia.

Walifika kisiwani saa tisa alasiri, mabega yakiwaka moto. Akina mama walikuwa wameshatawanyika, isipokuwa Paskazia, binti mwembamba aliyeketi mchangani na mapacha wake.

"Shikamoo, nesi. Waliniambia huji tena."

"Marahaba, mwanangu."

Selestina alitamani kujilaza hapo hapo mchangani. Akafungua boksi la chanjo, akagusa barafu. Ilikuwa bado ngumu. Akanawa mikono, akampokea pacha wa kwanza.