Sura ya Mama Kwenye Video ya Kwaya

Siku zile mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, na kila kwaya ya kanisa ilitaka mkanda wa video. Ya kwetu Tlawi ilikuwa imesharekodi sauti Arusha, na sauti iliyoongoza nyimbo zote ilikuwa ya mama yangu. Ikabaki kupiga picha. Kama hujawahi kuona zinavyopigwa, ni hivi: wimbo unafunguliwa kwenye redio kubwa, waimbaji wanajipanga mistari, wanafungua midomo kuufuata. Hakuna anayeimba kweli. Hapo ndipo mwenyekiti wa kwaya alipopata akili zake.

"Mama, wewe utakaa mstari wa nyuma," alimwambia baada ya mazoezi, mbele ya watu wote. "Kule mbele tutamweka binti, afungue mdomo kwenye sehemu zako. Unajua tena, video inauzwa na sura."

Sauti ya mama yangu, mdomo wa mtu mwingine! Nilikuwa kwenye benchi nanyonyesha. Nikasimama hivyo hivyo, mtoto akining'inia, nikamwambia mwenyekiti maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mama atasoma. Mama akanivuta nje.

"Shikamoo hujampa, matusi umempa," akasema, akajitahidi kucheka.

Nyumbani nikamkuta mbele ya kioo, anavuta mashavu kuelekea masikioni kwa vidole. Akiyavuta, anapendeza. Akiyaachia, anaguna.

Jumapili iliyofuata likasomwa tangazo kwamba madaktari wa kurekebisha nyuso watakuwa kwenye hospitali ya wilaya juma zima. Tangazo lilisema wazi: watoto waliozaliwa na mdomo sungura, na watu walioungua moto. Mama alilisikia lote. "Uso ni uso," akasema. "Anayeweza kushona mdomo anashindwa vipi kukaza shavu? Wakitaka malipo, nauza ng'ombe."

Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa anampa mwanangu maziwa. Nilifoka mpaka kuku wakakimbia. Halafu Jumatatu nikambeba mtoto mgongoni nikamsindikiza, maana mama yako akitaka kukatwa uso huwezi kubaki unapalilia vitunguu saumu.

Kwenye foleni, mwanamke mmoja aliyempakata mtoto wake alimwangalia mama upande huu na upande huu.

"Mgonjwa ni huyo mjukuu?"

"Hapana, ni mimi."

"Kwani umepatwa na nini?"

"Uzee," mama akajibu. Foleni nzima ikacheka, na mama akacheka kuliko wote. Mimi nilitamani niingie chini ya benchi.

Daktari alikuwa mwanamke, mgeni kutoka mjini. Akatoa shikamoo, akamkalisha mama dirishani penye mwanga, akamsikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu. Nilimpenda kwa hilo. Akasema upasuaji wa namna hiyo upo, ila si hapa na si wiki hii. Akamweleza utakavyokuwa ili aamue akijua.

"Kisu kinaanzia hapa kwenye nywele," akapitisha kidole, "kinashuka mbele ya sikio, kinazunguka nyuma yake. Hatuvuti ngozi peke yake, tunakaza na nyama za ndani, halafu ngozi iliyozidi tunaikata. Utakuwa umelazwa usingizi wa dawa. Shingo na haya mashavu yaliyoshuka yatapanda. Makunyanzi ya paji la uso yatabaki palepale."

"Na kesho yake narudi shambani?"

"Kesho yake umefungwa bandeji, uso umevimba kama umeumwa na nyuki. Wiki mbili hivi, au zaidi, hutapenda kuonwa na watu. Kuinama hapana, kubeba ndoo hapana, unalala kichwa kikiwa juu. Ganzi inaweza kukaa miezi. Damu inaweza kuvujia chini ya ngozi, ikabidi tupasue tena. Na mara chache mshipa wa fahamu unaumia, upande mmoja wa uso ukalegea."

Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kama anasomewa somo kanisani. "Na kuimba?"

"Mwanzoni mdomo hutaupanua."

"Picha zinapigwa Jumamosi ya wiki ijayo."

Daktari akakunja sikio la mama, akakuta kovu lililovimba kama haragwe pale alipotobolewa usichanani. Akatikisa kichwa. Akasema ngozi inayopona hivi inaweza kutoa kovu kama hilo kila kisu kinapopita. Kisha akauliza swali ambalo mimi, na kidato cha nne changu chote, sikuwa nimeliuliza.

"Mama, huu uso mpya anautaka nani? Ni wewe?"

Mama akafikiri.

"Mwenyekiti," akasema.

"Basi mlete, nimkate yeye."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Muuguzi akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Njia nzima ya kurudi mama alikuwa akisema, "Nimkate yeye!" kisha anaanza kucheka upya.

Lakini hakumwambia mwenyekiti kitu. Jumamosi ya picha tulipanda lori hadi Nangwa, ili Mlima Hanang' uonekane nyuma, na mama akasimama mstari wa mwisho akiwa amenyoosha mgongo. Redio ikafunguliwa. Binti wa mbele, mwembamba, kapendeza, akafungua mdomo. Sauti ya mama ikatoka, ikapanda, ikakaa huko juu. Binti akaishiwa pumzi, akafunga mdomo, sauti bado inaendelea. Kwaya ikaangua kicheko. Wakarudia. Akafunga mapema tena. Mara ya tatu alifungua mdomo pale ambapo mama alikuwa anavuta pumzi.

"Mimi siwezi," binti akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Huyu mama hapumui kama watu! Shikamoo mama, njoo mbele ukae pako."

"Sura..." mwenyekiti akaanza.

"Mzee, jua linakwenda," mpiga picha akamkata kauli.

Mama akapita katikati ya mistari, akirekebisha kitenge. Wimbo ulipofunguliwa hakufuata redio, aliimba kweli, kwa sauti yote, mishipa ya shingo imesimama, mashavu yanacheza, na wengine wote nao wakaimba kweli. Mpiga picha akasogea mpaka uso wa mama ukajaa kwenye kamera.

Mkanda huo bado upo. Ubeti wa pili, ukiangalia pembeni kulia, utaona mwanamke mwenye mtoto mgongoni anapita mbele ya mlima, kidole kimoja kiko karibu na pua ya mwenyekiti, mdomo unakwenda haraka. Mpiga picha alinifukuza mara mbili. Sikuwa nimemaliza.