Simu mpya ndani ya fundo la kitenge

Wiki hii kulikuwa na maonyesho ya kompyuta nyepesi na simu mpya hapa Kalemie. Muuzaji alinipa simu moja niishike. Mtoto akalia mgongoni, nikamfunga upya, nikaaga, nikatoka.

Muuzaji alinifikia nje, juani, akaninong'oneza: "Mama, telefone yetu njo ile iko mu fundo ya kitenge."

Kweli! Mikono yangu mipumbavu ilikuwa imeifunga pale inapofunga simu yangu kila siku. Nikaitoa.

"Ee, huyu mama ameiba!" akasema mpita njia.

"Hapana," muuzaji akajibu kwa sauti. "Ni miye nilimutuma aitoe inje, aone kama kioo kinasomeka ku jua. Mama, kinasomeka?"

"Kinasomeka vizuri sana, Papa," nikajibu. Simu yenyewe ilikuwa imezimwa.