Karatasi Niliyoiacha Ukutani

Nakumbuka asubuhi moja ambayo hata leo nikiiwaza nasaga meno. Mwanangu, usinipe pole. Hasira hii naistahili mwenyewe.

Enzi za Mwingereza nilikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati moja ya Kariakoo. Ukutani palikuwa na karatasi ya kuchanganyia dawa ya kuoshea vidonda: kijiko kimoja kwa kikombe cha maji. Niliiandika mimi. Mwandiko wangu ulisifiwa mpaka Ilala, nami sifa nilizipenda mno. Ujana, bwana!

Ikaja dawa mpya, kali kuliko ile ya zamani. Daktari akanipa amri kwa maandishi: kijiko kimoja kwa debe zima, na karatasi ya zamani ibanduliwe siku hiyohiyo. Niliisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nitaibandika kesho, nilijiambia. Kusema kweli, niliuonea uchungu mwandiko wangu. Kanuni mpya mimi nilikwisha kuijua. Sikufikiri kwamba wenzangu hawasomi mfuko wangu.

Kesho yake homa ikanilaza nyumbani. Mwenzangu Mzee Feruzi, mtu asiyeruka hata mstari mmoja, akampokea Hamisi, hamali wa bandarini aliyechubuliwa na kasha mguuni. Kidonda kidogo tu. Mzee akasoma ukutani, akachanganya ile dawa mpya, akamfunga kwa kitambaa kilicholowa dawa. Asubuhi niliporudi kazini, nyama ya mguu ule ilikuwa imeungua na kufa.

"Shikamoo, mzee," nilisema. Nikaitoa ile amri mfukoni.

"Nimefuata mkono wako," aliniambia. "Herufi kwa herufi. Kanuni umeificha mfukoni, sasa mweleze mwenyewe!"

Hamisi alinitazama. "Nitabeba tena mizigo, bwana dresa?"

Hakubeba tena.

Mdharau mwiba mguu huota tende, walisema wahenga. Mimi nilidharau karatasi, na mguu ulioharibika haukuwa wangu. Hilo ndilo linaloniudhi!

Basi nisikie, wewe unayevaa koti jeupe na kuniambia mwongozo ni karatasi tu. Ufuate ulivyoandikwa, hata ukiwa na haraka. Ukibadilika, bandika mpya papo hapo, ya zamani ichane, na kila mwenzako aisome mbele yako. Usiniambie kesho. Kesho ndiyo iliyokula mguu wa Hamisi.

Mungu akujalie mkono mwepesi wa kuponya, mwanangu, na usione uchungu kuchana ulichokiandika vizuri.