Koleo na Jumamosi za Mke Wake

Reli ilimstaafisha Koleo akiwa bado na miguu mizuri, na kwa kweli hiyo miguu ndiyo mali pekee aliyotoka nayo kazini. Tangu ujana wake alikuwa mkagua tiketi kwenye treni ya abiria. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye ofisi ya pensheni. Dunia nzima ilimwita Koleo, kwa sababu ya kile chuma cha kutobolea tiketi ambacho hakikumtoka mkononi. Alipita behewa hadi behewa bila kushika kiti wala nguzo. Treni ikikata kona, abiria wanalaliana mabegani, yeye amesimama wima katikati yao, anamwuliza mama fulani kwa upole kama kweli lile jitu lililokaa pembeni yake bado ni mtoto wa kusafiri bure.

Kwa kazi hiyo alikuwa nyumbani kwa vipande vipande. Anafika leo, analala, anakula, kesho kutwa huyo ameondoka. Mkewe, Mama Pacha, mfamasia wa duka la dawa karibu na stendi, aliwalea mabinti wao mapacha na kuwasomesha akimsubiri mume kama mtu anayesubiri umeme urudi: ukirudi vizuri, usiporudi kazi zinaendelea. Hawakuwahi kugombana kwa hilo. Hata nafasi ya kugombana ilikuwa haipatikani.

Basi Koleo alipostaafu alijua jambo moja tu, kwamba sasa atakaa na mke wake. Jumamosi ya kwanza alioga mapema, akavaa shati zuri, akaweka viti viwili barazani na meza ndogo katikati. Mama Pacha akatoka ndani amevaa kofia, mfuko wa fimbo za gofu begani. Akamwambia chakula kiko kwenye friji, apashe moto mwenyewe, yeye atarudi jioni. Geti likafungwa. Koleo akabaki na viti vyake.

Iliuma, tusifichane. Alikuwa amewahi kusikia kwamba mkewe anacheza gofu, lakini alilisikia kama unavyosikia kwamba jirani ana shangazi ng'ambo. Hakujua kwamba kila Jumamosi iendayo kwa Mungu mwanamke yule alikuwa na miadi, na marafiki, na mwenzake maalumu wa kucheza naye, daktari mmoja wa meno mwenye sauti ya kunong'ona. Klabuni kwao Jumamosi walicheza wawili wawili, mnapokezana mpira mmoja: huyu akipiga, anayefuata ni mwenzake, kutoka pale pale ulipoangukia. Ukiupeleka kichakani, mwenzako ndiye anayeingia kichakani.

Koleo hakulalamika. Alikwenda kimya kimya kwa shemeji yake, kaka wa Mama Pacha, muuza matairi na mwanachama wa klabu ile ile, akaomba apelekwe kwenye uwanja wa mazoezi siku za kazi. Alishika fimbo kama alivyoonyeshwa, akasimama kama alivyozoea kusimama, akapiga. Mpira ukaenda. Haukwenda mbali sana, lakini ulinyooka, na uliofuata ukanyooka, na shemeji akavua miwani akaifuta. Jamaa alikuwa na kipaji, na kama ilivyo kwa wenye vipaji wengi, hakujua kimetoka wapi wala kinakaa wapi.

Mungu naye ana mambo yake: daktari wa meno akateleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Mama Pacha akarudi nyumbani hana mwenzake. Akamtazama mumewe kwa muda mrefu, kama mtu anayekadiria kama kabati litapita mlangoni, kisha akasema amesikia kwa kaka yake kwamba siku hizi kuna mtu anapiga mipira. Kama anataka, wanaweza kucheza pamoja mpaka daktari apone.

Koleo alikubali kabla sentensi haijaisha, lakini neno "mpaka" alilisikia vizuri sana. Usiku huo lilimzunguka kichwani. Plasta ya mkono haikai milele. Siku itakapokatwa, mkewe atarudi kwa daktari, na yeye atarudi barazani kwa viti vyake. Akajiapia kwamba atacheza vizuri kiasi kwamba hakuna atakayemkumbuka daktari.

Jumamosi ya kwanza walicheza salama. Mama Pacha hata alimpongeza mara moja, kwa kichwa. Kama Koleo angenyamaza hapo na kunywa soda yake, hadithi hii isingekuwepo. Lakini alitaka zaidi, akaketi na shemeji, akamwuliza afanye nini ili mpira uende mbali. Shemeji, ambaye kwa kupenda kufundisha hajambo, akamwambia tatizo lake ni kusimama kama mtu aliyepigiliwa misumari. Gofu ni kuhamisha uzito, shemeji. Fimbo ikienda nyuma, hamisha mwili wote kulia. Ikirudi, hamisha wote kushoto.

Koleo akahamisha. Jumamosi iliyofuata alikwenda kulia na tumbo lake na mabega yake na kofia yake, na alipotaka kurudi, mwili ulikuwa bado uko njiani wakati fimbo imeshafika. Fimbo ikachimba udongo nyuma ya mpira. Kipande cha nyasi kikaruka mbali kuliko mpira wenyewe. Mara nyingine mwili uliwahi mno, fimbo ikagonga kichwa cha mpira, mpira ukakimbia chini chini kama panya. Na kila ulikokwenda, Mama Pacha aliufuata, kwenye mchanga, kwenye nyasi ndefu, mara moja nyuma ya banda la mashine za kukatia majani.

Aliomba ushauri kila mlango. Mhudumu wa baa akasema hahamishi uzito vya kutosha. Mzee anayegawa funguo za makabati akasema hivyo hivyo. Siku moja alikutana na daktari wa meno mwenyewe, mkono umening'inia shingoni, akapiga moyo konde akamwuliza na yeye. Daktari akanong'ona kwa huruma kwamba siri yote iko kwenye kuhamisha uzito. Koleo akazidi kuhama. Sasa alikuwa akiyumba kulia na kushoto hata watoto waliokuja kuogelea wakawa wanasimama kumtazama.

Mkewe hakusema kitu. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Alimjua Mama Pacha: kitu asichokihitaji tena hakisemi vibaya, anakitoa tu.

Wiki ambayo plasta ilikuwa ikatwe, Koleo alikuwa sebuleni mchana peke yake anafanya mazoezi kwa fagio la mti mrefu. Alihama kulia, akahama kushoto, mti wa fagio ukafagia ukuta na kuishusha picha ya mapacha siku ya mahafali yao. Kioo kikatawanyika mpaka chini ya kochi. Mama Pacha, aliyekuwa amerudi kula chakula cha mchana, akaingia na sahani mkononi. Akatazama picha, akatazama fagio, akaweka sahani mezani na kwenda kuleta kizoleo. Wakaokota vioo pamoja, wamechuchumaa, kila mtu upande wake. Hapo Koleo akachoka kujikaza.

"Mama Pacha," alisema, "hivi mimi nakosea wapi?"

Mkewe hakuinua kichwa. "Umechelewa kweli kuuliza."

"Nimeuliza watu wote pale."

"Najua. Umemwuliza kaka yangu, ambaye mpira wa kusukuma kwa kidole unamshinda. Umemwuliza mtu wa funguo. Mimi nimecheza mchezo huu tangu mapacha walipokwenda bweni, na unalala na mimi chumba kimoja."

Koleo akasema hakujua kwamba alianza wakati huo. Mama Pacha akamweleza, bila hasira, kama anavyomweleza mteja namna ya kumeza dawa. Mabinti walipoondoka nyumba ilikuwa kimya mno. Jumamosi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana duka lilifungwa mapema. Rafiki mmoja akamvuta klabuni, akapiga mpira wa kwanza, ukaenda popote, lakini jioni ile alipika akiimba. Alimsimulia mumewe alipofika kutoka safarini. Mumewe alisema vizuri, akalala.

Koleo alikuwa hakumbuki. Aibu ikampanda usoni kama homa.

"Simama," mkewe akasema. "Acha fagio. Simama kama kwenye treni."

Akasimama. Mama Pacha akaja mbele yake, akainua mikono miwili, akamshika kichwa, kiganja hiki juu ya sikio hili na kile juu ya lile. Hakuwa amemshika hivyo kwa miaka. Akamwambia azungushe mabega na mikono kana kwamba anapeleka fimbo nyuma, kichwa kibaki hapo hapo kwenye viganja vyake. Koleo akazungusha.

"Chini ya miguu unasikia nini?"

"Wa kulia umekanyaga zaidi."

"Na mwili umehama?"

Haukuwa umehama. Tumbo lilikuwa pale pale, kichwa kilikuwa kimeshikwa na mwenyewe hakutaka kiachiwe. Lakini unyayo wa kulia ulikuwa umeibana sakafu, aliusikia wazi.

"Hicho ndicho wanachokisikia wote," Mama Pacha alisema, "halafu wanakiita kuhamisha uzito. Wanasema wanachohisi, hawajui wanachofanya. Uzito ni mwili, na mwili ni mzito, hauwezi kwenda na kurudi upesi hivyo. Kinachokwenda na kurudi ni kukanyaga. Fimbo ikienda nyuma, kanyaga kulia. Na kabla haijafika mwisho wa safari yake, kushoto uwe umeshaanza kukanyaga. Mwili wenyewe utafuata baadaye, utajikuta juu ya mguu wa kushoto kila kitu kimeshakwisha. Wewe treni ikikata kona ulikuwa unafanya nini?"

Koleo akafikiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Kona ikija alikuwa anaukaza mguu mmoja, kisha mwingine, juu akibaki wima, na wala hakuwa anajua kwamba anafanya kitu. "Nilikuwa nakanyaga," alisema.

"Basi ulikuja kwenye gofu unajua, tukakupoteza."

Akamwuliza kwa nini hakumwambia mapema, akamwacha aaibike mbele ya watu. Mama Pacha akaondoa mikono kichwani mwake. Akasema alidhani hataki kufundishwa na mkewe. Kisha akasema ukweli wa pili, akitazama vioo kwenye kizoleo: pale klabuni palikuwa pake peke yake, na mtu anayeingia mahali pako bila kukuuliza chochote, humjui kama amekufuata wewe au amechoka tu kukaa nyumbani.

"Nimekufuata wewe," Koleo alisema.

Mama Pacha akaenda kula, maana chakula kilikuwa kinapoa.

Jumamosi walicheza, na nisitie chumvi: hawakushinda. Koleo alichimba udongo mara kadhaa, kwa sababu mwili ukishazoea upumbavu hauachi kwa siku moja. Lakini kila alipokumbuka kukanyaga na kutulia, mpira uliruka kwa mlio safi, na Mama Pacha akautembelea kwenye majani mafupi badala ya kuuwinda msituni. Kabla ya kila pigo alimwuliza mkewe anaonaje, aupige upande gani. Alijibiwa kwa maneno machache. Mara moja alijibiwa kwa kicheko. Walimaliza katikati ya kundi, wakimtangulia shemeji, na hilo peke yake lilitosha kuwa sherehe.

Walikuwa wamekaa nje ya chumba cha viatu wakijifuta jasho daktari wa meno alipokuja. Plasta ilikuwa imekatwa. Mkono ulikuwa mweupe na mwembamba, akaunyoosha na kuukunja kuonyesha kwamba unafanya kazi. Akawasalimu wote wawili vizuri, akasema kwa sauti yake ya kunong'ona kwamba yeye sasa yuko tayari, na kama Mama Pacha yuko tayari, Jumamosi ijayo waendelee walipoishia.

Koleo akaona amrahisishie mkewe. Alikuwa amejiandaa njia nzima. Akasimama, akasema kwa uchangamfu wa kulazimisha kwamba daktari asiwe na wasiwasi, nafasi aliishika kwa muda tu, mwenyewe amerudi, Mama Pacha atafurahi kumpata mwenzake.

"Kaa chini," mkewe akamwambia. "Miaka yote ulipokuwa haupo, nikiulizwa kitu nilijibu mwenyewe. Leo ndiyo siku ya kwanza upo, umeshaanza kunijibia."

Koleo akakaa.

Mama Pacha akamgeukia daktari, akamshukuru kwa Jumamosi zote zile, na alimaanisha, sauti yake ilikuwa na heshima. Kisha akaweka kiganja kwenye goti la Koleo, mbele ya muuza matairi na mtu wa funguo na kila aliyekuwa anapita na viatu mkononi.

"Jumamosi nacheza na mume wangu," alisema. "Huyu hapa."

Watu wa klabu ile walijua siku zote kwamba Mama Pacha ana mume. Ilikuwa mara ya kwanza wanaonyeshwa.