Waceke, mpambaji anayetaka maharusi walie kwanza

Jua la Jumamosi limeshaingia sebuleni, katika nyumba moja ya kupanga mjini Kitengela, lakini Rahab Waceke bado hajafungua sanduku lake la vipodozi. Mbele yake ameketi bi harusi, Sheryl Adero, amejifunga leso, midomo inamtetemeka.

"Babangu amenipigia simu sasa hivi akaniimbia," Sheryl anasema. "Niko na kitu kimekwama hapa kwa koo."

"Lia, mrembo," Waceke anamjibu, akimpa taulo. "Lia yote sasa. Wanja nitapaka baadaye."

Sheryl analia, anacheka, analia tena. Shangazi zake walio jikoni wanapiga vigelegele.

Waceke, 33, amewapamba maharusi wa Kitengela na Kajiado kwa miaka saba. Kazi moja humpa shilingi elfu sita hadi kumi, na miezi isiyo na harusi husuka nywele. Zamani alikuwa mkali. Bi harusi akitokwa na chozi, alifokewa.

"Niliwaambia, 'Unaniharibia kazi!'" anasema huku akicheka. "Maskini wanajikaza, wanafika kanisani kichwa kinawauma."

Aliyembadilisha ni mamake, mkulima wa nyanya Loitokitok, ambaye ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunga macho yote mawili. Kwa miaka minne alimtambua bintiye kwa sauti tu. Mwaka jana akafanyiwa upasuaji, na siku ya kutolewa bendeji Waceke alisimama mbele yake.

Mama alimtazama, akamtazama tena. "Waceke! Kumbe ulinona hivi?"

Waceke aliangua kilio. Koo lilimkaba, kamasi zikamtiririka, vidole vikaingia ganzi, akaketi sakafuni.

"Nilidhani nakufa," anakumbuka. "Nikamwambia nesi, 'Nisaidie, mama amepona na sasa mimi ndiye mgonjwa.'"

Nesi huyo, Otiende, alichutama kando yake.

"Huna ugonjwa, dada," alimwambia. "Ukilia, mwili unafungua koo ili uvute hewa zaidi. Wewe nawe unajaribu kumeza, koo linataka kujifunga. Misuli inavutana, ndiyo unahisi donge. Na machozi yana njia ya kushuka hadi puani, ndiyo hizo kamasi."

"Na vidole?"

"Unapumua mbio sana. Pumua polepole, ganzi itaisha. Lakini usijizuie. Lia umalize."

Alilia akamaliza. Kifua kikawa chepesi, akasinzia kwenye benchi huku mamake akimchunguza uso kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

Tangu wakati huo Waceke hufika kwa bi harusi mapema, ili kuwe na nafasi ya kulia kabla ya rangi.

Leo Sheryl ameshatulia. Waceke anamkanda macho kwa kitambaa chenye maji baridi hadi uvimbe unashuka, kisha anachukua brashi.

"Koo limefunguka," Sheryl anasema kwa mshangao. "Hata njaa nimesikia!"

Chapati inaletwa kabla ya lipstiki.

Desemba itakuwa zamu ya Waceke mwenyewe, anapoolewa na Khisa, fundi wa umeme. Wapambaji wenzake wanagombania uso wake. Amewakatalia wote.

"Nitanawa kwa sabuni, basi," anasema. "Mama atakaa kiti cha mbele anione vizuri, na mimi nitalia hadi nichoke. Khisa nimeshamwambia abebe taulo."