Utumbo Mwembamba Ukweni

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kasongo, na kwa miaka mingi nilijulikana kwa mambo mawili: kufundisha jiografia na kumaliza bugali. Kwa la kwanza sikuwahi kusifiwa. La pili ndilo lililonipatia mke. Siku niliyokwenda kijijini Wamaza kujitambulisha ukweni, mama mkwe alinitazama nikila, akawaambia watu wake kwamba kijana anayekula vile hana analoficha moyoni.

Kisha utumbo ukanisaliti. Nilikuwa na ugonjwa wa tension, yaani shinikizo la damu, niliokuwa nikiudharau, na juu yake nikaharisha siku tatu bila kunywa maji ya kutosha, kwa sababu nilikuwa nasahihisha mitihani na nilijiona mtu muhimu. Siku ya nne tumbo likaniuma ghafla upande wa kushoto, nikaenda choo nikatoa damu. Hospitalini walisema damu haikufika vizuri kwenye utumbo mpana, na kipande chake kimoja kimekaa na njaa. Baada ya majuma mawili nilipona, nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye bugali yangu.

Kumbe kupona nako kuna madhara yake. Miezi sita baadaye tumbo lilianza kujaa hewa na choo kikawa kinatoka kwa shida. Bukavu walinipitisha kamera mahali ambapo sitapataja, halafu daktari akanichorea mto kwenye karatasi: hapa mpana, hapa kingo mbili zimekaribiana. Kidonda kilipona lakini kiliacha kovu, na kovu limeukaza utumbo. Nilikaa pale, mwalimu wa jiografia, nikifundishwa mto na mtu wa matumbo. Aliniamuru nile kidogo kidogo na vitu laini, wali wa rojorojo, samaki, mchuzi. Sombe, yale majani ya muhogo, marufuku, mahindi marufuku, nyama ngumu marufuku. Akasema siku moja njia inaweza kuziba kabisa, na siku hiyo dawa ni kisu tu.

Masharti hayo ni mepesi kwa mtu asiye na wakwe. Kwetu, kukataa chakula cha mtu ni kumwambia mbele ya watu kwamba ameweka sumu, au kwamba ni mchawi. Mwenye ugonjwa wa sukari husamehewa akikataa chai tamu, maana ugonjwa wake una jina na kila ukoo una mgonjwa wake. Wangu hauna jina. Jaribu kumwambia mtu wa Wamaza kwamba utumbo wako umekosa damu: atakuuliza ni nani aliyeinywa.

Na Wamaza swali hilo lilikuwa tayari na jibu. Baba mkwe alikuwa amekufa, baada ya kuvimba miguu mwaka mzima. Mdogo wake, ambaye tangu zamani aliipenda michikichi ya kaka yake kuliko alivyompenda kaka mwenyewe, aligundua kwamba mjane ndiye aliyemla kwa uchawi. Akaitisha kikao cha ukoo ili mama mkwe afukuzwe kijijini. Mimi na mke wangu tulikwenda kwa pikipiki. Njiani mke wangu aliniinamia sikioni.

“Ukikatala chakula yake leo, umemumaliza mama.”

“Na munganga je?”

“Munganga hana mama mukwe kule.”

Mama mkwe alichinja kuku, na firigisi, ambayo ni haki ya mkwe, ikawekwa juu ya sahani yangu pamoja na kilima cha bugali na sombe. Watu wote walitazama mkono wangu. Mdogo wa marehemu hata hakugusa chakula chake, alikuwa na kazi ya kunitazama. Nikatafuna firigisi kadiri meno yalivyoweza, iliyobaki nikaimeza. Sombe nikaomba tena. Kikao kikavunjika bila uamuzi, kwa kuwa hakuna awezaye kumshtaki mwanamke ambaye mkwe wake amelamba sahani. Nilijiona shujaa, na ninakiri nilifurahia.

Kesho yake, tukiwa njiani kurudi, tumbo likafunga. Lilivimba, nikatapika kando ya barabara mpaka dereva akaanza kusali. Kasongo walinipasua siku hiyohiyo. Walikata kile kipande chenye kovu, na mdomo wa utumbo wakautoa nje, upande wa kushoto wa tumbo, ili choo kiingie katika mfuko. Daktari alisema huenda siku za mbele wakauunganisha tena. Mke wangu alipouliza ni nini kilichoziba, alijibiwa bila huruma: kipande cha firigisi na nyuzi za sombe.

Hivyo nilikula ili kumwokoa mama mkwe, na kwa kula nikamhukumu. Kabla sijaweza hata kuketi, Wamaza nzima ilikuwa inajua: mukwe alikula kwa mama, mukwe amepasuliwa. Mdogo wa marehemu hakuhitaji tena shahidi. Alikuwa nami, mwenye nyuzi tumboni. Ukoo ukampa mama mkwe muda wa kuvuna mpunga wake, kisha aondoke.

Hayo ningeyavumilia, maana watu ni watu. Kilichonishinda ni ujumbe alionitumia yeye mwenyewe kwa mwendesha pikipiki: “Ambia mukwe wangu anisamehe, kama ni mimi.” Kama ni mimi. Mwanamke aliyenilisha miaka ishirini na miwili alikuwa ameanza kujiogopa. Nililia, na kulia na mshono mpya si jambo la kujaribu.

Mshono ulipofunga nilikwenda Wamaza. Daktari alikataza, lakini nilikuwa nimeshazoea kumkosea. Mifuko halisi ya hospitali ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mke wangu alinifunga sasheti ya plastiki kwa kitambaa kiunoni. Nilifika kabla ya saa sita mchana, nikaomba mdogo wa marehemu na majirani waje uani. Walikuja upesi. Nadhani walifikiri nimekuja kushtaki.

“Mama,” nikasema, “niko na njaa. Wali laini na samaki, kama iko.”

Akaingia jikoni. Alipotoka na sahani, mdogo wa marehemu alisema neno moja: “Onja.”

Kwetu, anayeshukiwa sumu huonja kwanza mbele ya mgeni wake, na maneno huisha. Lakini mama mkwe hali mbele ya mkwe, ni aibu kubwa. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akitafuna. Sasa ilimbidi ama aonekane mchawi, ama avue heshima yake mbele yangu. Alipiga magoti, akajifunika kitenge nusu uso, akainua kijiko.

Nilimnyang'anya sahani kabla kijiko hakijafika mdomoni. Nikala. Nilikula polepole kama nilivyofundishwa, tonge dogo, kutafuna mpaka lilainike, na hakuna aliyethubutu kuondoka. Nilipofika nusu niliweka sahani chini.

“Kaeni,” nikawaambia. “Mutaona kama inapita.”

Wakakaa. Haikuchukua muda, tumbo likaunguruma mbele ya wazee wa ukoo na sasheti ikaanza kujaa. Nikafunua shati. Najua kwamba kilichotoka kilikuwa cha jana, kilicholiwa Kasongo, lakini sikuwasahihisha. Nimesahihisha watu maisha yangu yote na hawajawahi kunishukuru. Mdogo wa marehemu alirudi nyuma hatua mbili na kuziba pua. Jirani mmoja, bibi mzee ambaye ukoo mzima humwogopa kwa ulimi wake, alisogea karibu, akachungulia vizuri, akajinyoosha.

“Chakula ya mama inapita muzuri,” akatangaza. “Mwenye kusema ingine aseme sasa, mbele yangu.”

Mdogo wa marehemu alikumbuka kazi shambani. Wengine wakaondoka mmoja mmoja, wakijadiliana kuhusu sasheti.

Mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti, uso ndani ya kitenge. Alisema polepole, bila kunitazama: “Kumbe haikuwa mimi.”

“Haikuwa weye, mama.”

Akainuka. Akachukua sahani yenye nusu niliyobakiza, akaingia nayo jikoni na kuvuta mlango. Kisha nikasikia kijiko kikigonga sahani, naye anakula.