Bibi Harusi Aliyenuna

Jamani, leo nusura uso wangu uninyime mume!

Hamisi wangu alikuwa na usaili Dar, wa viza ya kunifuata huku Columbus, Marekani, ninakofanya kazi.

Afisa wa ubalozi kazipekua picha za harusi yetu, kauliza:
"Mbona mkeo kanuna hivi? Alilazimishwa?"

Sasa bibi harusi wa kwetu akichekacheka, si mashangazi watamsema mwaka mzima?

Hamisi kaeleza weee, afisa anatikisa kichwa tu.

Ndipo Hamisi akachomoa picha moja: yeye kashika chapati aliyonipikia, nyeusi kama mkaa. Mimi nimekaa chini, khanga upande, mdomo wazi, nacheka.

Picha hiyo nilimwapisha asimwonyeshe mtu!

Afisa naye akacheka. Viza imepita.

Haya, mlioolewa, nani alicheka kwenye picha za harusi yake?

Hamisi, njoo. Chapati nitapika mimi.